Pawa saplai kwa kadi kubwa ya grafiksi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaounda kompyuta za gemu, za kuhariri video, na siku hizi za kuendesha akili unde nyumbani. Karibu wote wanaanza na wati za pawa saplai, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kompyuta. Ni swali la haki, ila ndilo jepesi kuliko yote: ni hesabu ya kujumlisha. Mashine nyingi zinazoungua haziungui kwa kukosa wati. Zinaungua kwa kebo, kwa konekta, na kwa umeme wa nyumba yenyewe. Kwa hiyo majibu ya wati hapa ni mafupi, na ya ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini), UPS (boksi la betri linaloshika umeme ukikatika) na plagi ni marefu.

Kadi yangu inataka pawa saplai ya wati ngapi?

Mtengenezaji wa kadi hutoa namba mbili: wati zinazoliwa na kadi peke yake, na ukubwa wa pawa saplai anaoupendekeza kwa mashine nzima. RTX 5070 Ti inakula 300, Nvidia wanapendekeza 750. RTX 5080 inakula 360, wanapendekeza 850. RTX 4090 ya mwaka 2022 ni 450 kwa 850. RTX 5090 ni 575 kwa 1000. Upande wa AMD, RX 7900 XTX ni 355 kwa 800, na RX 9070 XT ni 304 kwa 750.

Ukitaka kujihakikishia mwenyewe, ongeza prosesa. Hapa wengi hujikwaa, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi sio inayoliwa mashine ikichemka. Ryzen 7 9800X3D imeandikwa wati 120 lakini inaruhusiwa kufika 162. Core i9-14900K imeandikwa 125, na Intel wenyewe wanairuhusu 253. Chukua namba ya juu. Feni, pampu, SSD, RAM, mazabodi na vitu vya USB vipe wati 80 kwa jumla.

RTX 5080 na 9800X3D: 360 + 162 + 80 = 602. Pawa saplai ya 850 inatosha bila wasiwasi. RTX 5090 na 14900K: 575 + 253 + 80 = 908. Ya 1000 itaibeba, na kwenye gemu hutaona tatizo, maana ni nadra kadi na prosesa kufika kileleni kwa wakati mmoja. Lakini kama unarenda video usiku kucha, mimi ningenunua ya 1200. Sababu kubwa ni kelele: feni ya pawa saplai iliyobanwa kwa asilimia 90 haikuachi ulale.

Nikiweka ya wati 1200, LUKU si itaisha mapema?

Haitaisha. Wati 1200 ni uwezo wake wa juu, na inavuta tu kile mashine inachoomba. Ukiwa unasoma barua pepe, mashine yenye pawa saplai ya 1200 na yenye ya 750 zinakula karibu sawa.

Kinachokula uniti ni kadi. Tuchukue mashine ya RTX 5080 inayotumia wati 500 ikiwa kwenye gemu. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta 556 ukutani. Ukicheza saa 4 kila siku, hiyo ni uniti 2.2 kwa siku, karibu 67 kwa mwezi. Kwa Tanzania, mteja mdogo wa nyumbani anapewa bei nafuu akiwa hazidi uniti 75 kwa mwezi. Yaani gemu peke yake imekula karibu fungu lote, na friji, pasi na taa bado hazijahesabiwa. Kama nyumba yenu iko kwenye kundi hilo, zungumza na mwenye kununua umeme kabla hajakuuliza.

Basi nikinunua yenye alama ya Platinum au Titanium si nitaokoa umeme?

Kidogo. Fanya hesabu ileile kwa ufanisi wa asilimia 85 badala ya 90: uniti 67 zinakuwa 71. Tofauti ni uniti 4 kwa mwezi. Kutoka Gold kwenda Platinum pengo ni dogo zaidi. Gold ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, na fedha inayobaki iende kwenye UPS.

Tena ujue alama ya 80 PLUS, ndiyo yenye madaraja hayo ya Bronze, Gold, Platinum na Titanium, inapima jambo moja tu: kiasi gani cha umeme kinapotea kuwa joto. Haisemi kama kinga za ndani zinafanya kazi, haisemi kapasita (vipande vinavyotunza umeme kidogo) ni za namna gani, haisemi kebo ni nene kiasi gani. Zipo Gold mbovu na Bronze imara. Kabla ya kulipa, tafuta mtandaoni jina kamili la modeli pamoja na neno la ukaguzi, usome wa mtu aliyeifungua na kuipima kwa vifaa, sio aliyeipiga picha na taa za rangi.

Dukani nimeona ya “wati 800” kwa bei ya nusu. Kuna shida?

Geuza ubavu usome stika. Kuna jedwali lenye safu za +3.3V, +5V, +12V, -12V na +5Vsb. Kadi na prosesa zinakula 12V, kwa hiyo tazama safu hiyo peke yake. Chukua ampea zake uzidishe kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 850 itakuwa na ampea 70.8 kwenye 12V, na 70.8 mara 12 ni karibu 850. Zile za bei ya kutupa utakuta 12V ina ampea 32. Hiyo ni wati 384. Nyingine hadi 800 zimejumlishwa kutoka 5V na 3.3V, ambazo mashine ya leo inazitumia kidogo tu, au zimeandikwa tu kwa herufi kubwa.

Ukikuta +12V1 na +12V2 zimetenganishwa, usizijumlishe. Tafuta mstari unaotaja jumla ya 12V zote.

Ishara nyingine: kitufe chekundu nyuma chenye 115 na 230. Hizo ni za muundo wa zamani. Mtoto akikisukuma kwenda 115 wakati soketi yako ina 230, utasikia mlio mmoja tu. Pawa saplai nzuri ya leo huandikwa 100-240V na haina kitufe hicho.

ATX 3.0 na ATX 3.1 ni nini, na je, ni lazima?

Kadi hizi hazili umeme kwa utulivu. Ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde kadi inaweza kudai mara mbili au tatu ya wati zake za kawaida, kisha ikashuka. Pawa saplai za zamani ziliona mruko huo kama hitilafu zikajizima, ingawa wati za wastani zilikuwa sawa. Intel walitoa kiwango cha ATX 3.0 mwaka 2022, na miongoni mwa masharti yake pawa saplai za kadi hizi ni lazima zivumilie mruko wa hadi asilimia 200 ya uwezo wao kwa mikrosekunde 100. ATX 3.1 ikafuata mwaka 2023, ikiwa na konekta iliyorekebishwa.

Ni lazima? Hapana, kama una ya zamani iliyo bora na yenye wati za ziada. Kwa kununua mpya, sioni sababu ya kuchukua chini ya 3.0.

Lakini kuna kitu kimoja kwenye 3.1 ambacho kinatuhusu sisi kuliko Wazungu, nacho nimekieleza kwenye swali la UPS.

Nasikia konekta za RTX zinayeyuka. Ni kweli?

Ni kweli, na inafaa kuelewa sababu yake. Konekta ya kadi hizi ina pini 12 za umeme na 4 ndogo za mawasiliano. Inaruhusiwa kupitisha wati 600. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50, zinazogawanywa kwa waya 6 za 12V: ampea 8.3 kila moja. Mahesabu yanakaa vizuri mradi pini zote zinagusa sawasawa. Pini mbili zikigusa vibaya, nne zilizobaki zinabeba ampea 12.5 kila moja, na plastiki inaanza kulainika.

RTX 4090 zilipoanza kuungua mwishoni mwa 2022, Nvidia walisema wanazo taarifa za kadi 50 hivi duniani, na kwamba konekta kutosukumwa hadi mwisho ni sababu kubwa. Ikaja konekta iliyorekebishwa, ile ya ATX 3.1, iitwayo 12V-2x6. Pini zake ndogo zimefupishwa, ili konekta isipoingia vizuri kadi ikose ruhusa ya kuvuta umeme mwingi. Ilisaidia, haikumaliza. Februari 2025 Mjerumani Roman Hartung, anayejulikana kama der8auer, alipima RTX 5090 akakuta waya mmoja unapitisha zaidi ya ampea 20 huku wenzake wakipumzika. Kadi yenyewe haina namna ya kugawa mzigo kati ya waya hizo.

Kwa hiyo kazi inabaki kwako. Unganisha kebo kabla kadi haijaingia kwenye kasha, ukiwa umeishika mkononi na tochi ya simu imewashwa. Sukuma wima, pande zote mbili sawa, mpaka usione ufa wowote kati ya plastiki na plastiki. Usitegemee kusikia “klik”, nyingine hazilii. Fanya vivyo hivyo upande wa pawa saplai, ambao watu husahau na ambao nao umewahi kuyeyuka. Kisha acha kebo itoke moja kwa moja sentimita 3.5 kabla ya kuanza kuipinda. Kama kioo cha kasha kinaibana kebo, kasha hilo ni jembamba mno kwa kadi hiyo. Badilisha kasha, usilazimishe kioo.

Vipande vya kona vinavyogeuza konekta nyuzi 90 siviamini. Februari 2024 adapta za namna hiyo zaidi ya 25,000 ziliondolewa sokoni nchini Marekani kwa hatari ya kuyeyuka. Na usiwe mtu wa kuchomoa na kuchomeka kila wikendi ili kusafisha: konekta hizi zimeundwa kwa mizunguko 30 tu.

Pawa saplai yangu ina plagi za pini 8 tu. Nitumie adapta iliyokuja na kadi?

Unaweza. Kila plagi ya pini 8 imepangiwa wati 150, ndiyo maana adapta ya RTX 5090 inataka nne. Sharti ni hili: kila plagi itoke kwenye kebo yake kutoka pawa saplai. Ile kebo moja yenye vichwa viwili, usiihesabu kuwa mbili. Kama pawa saplai haina kebo za kutosha, hilo ni jibu tosha kwamba haikutengenezwa kwa kadi hiyo.

Nimepoteza kebo moja. Nichukue ya pawa saplai nyingine, si inaingia?

Inaingia, na hapo ndipo hatari ilipo. Upande wa kadi na wa diski umbo na mpangilio ni mmoja kwa kampuni zote. Upande wa pawa saplai kila kampuni imejipangia yake, na wakati mwingine modeli mbili za kampuni moja hazifanani. Plagi inakaa vizuri kabisa, unawasha, volti 12 inaingia mahali pa volti 5, na SSD yenye picha za harusi imekwenda. Agiza kebo ya modeli yako kwa jina kamili. Ukinunua pawa saplai iliyotumika bila kebo zake, umenunua nusu.

Umeme wetu unakatika na kurudi. UPS ya kawaida inatosha?

UPS nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kompyuta za ofisini ni za 650VA. Namba hiyo si wati. Nyingi za ukubwa huo hutoa chini ya wati 400. Mashine yetu ya 556 ukutani ikiwa kwenye gemu, umeme ukikatika UPS inapiga kelele na kuzima palepale, na hujapata hata sekunde ya kuhifadhi kazi. Soma wati zilizoandikwa nyuma. Kwa mashine ya RTX 5080 tafuta inayotoa wati 900, ambayo mara nyingi huuzwa kama 1500VA. Kwa RTX 5090, panda zaidi.

La pili ni muda wa kuhama. UPS za kawaida, umeme ukikatika, huchukua milisekunde kadhaa, mara nyingi kati ya 4 na 10, kabla betri haijashika. Katika muda huo pawa saplai inaishi kwa akiba ya kapasita yake kubwa. Hapa ndipo ATX 3.1 inapotugusa: kwa mzigo kamili kiwango hicho kinaruhusu akiba hiyo idumu milisekunde 12, wakati desturi ya zamani ilikuwa 17. UPS nzembe na pawa saplai iliyobanwa mpaka mwisho zikikutana, mashine inazima ingawa UPS iko hai. Dawa ni mbili: kununua pawa saplai yenye wati za ziada, kwa sababu mzigo ukiwa mdogo akiba inadumu zaidi, na kuchagua UPS ambayo mawimbi yake ni safi, sio ya kuigiza. Zile za mawimbi ya mraba baadhi ya pawa saplai za kisasa huzikataa kabisa zinapohamia betri.

Stabilaiza? Kwa pawa saplai ya 100-240V, umeme mdogo sio adui mkubwa. Ukishuka hadi 180 yenyewe inavuta ampea zaidi na kuendelea. Adui ni umeme unaporudi kwa kishindo, na kubwa kuliko yote ni nyutro (waya wa kurudisha umeme) kukatika kwenye nguzo. Nyutro ikikatika, nyumba moja inaweza kupata volti 100 na ya jirani karibu 400. Hakuna pawa saplai ya dukani inayohimili 400 kwa muda. Kile kifaa kidogo wanachoita TV guard, kinachokata umeme ukizidi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, kwa hilo kina maana kuliko stabilaiza ghali. Hakikisha tu ampea zake zinatosha, kisha chomeka UPS nyuma yake.

Nikigusa kasha pekupeku nasikia umeme unatambaa. Pawa saplai ni mbovu?

Huenda ni nzima kabisa. Nyumba yako haina ethi.

Kwenye mlango wa kila pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha fezi na nyutro na bati la kasha, kazi yake ni kuchuja vurugu za umeme na kuzipeleka ardhini. Ethi isipokuwepo, bati linabaki likielea kwenye nusu ya volti za soketi, yaani 115 hivi. Mkondo ni mdogo, haukuui, ila unausikia, hasa sakafu ikiwa na unyevu. Soketi ya matundu matatu sio ushahidi: nyumba nyingi za kupanga zina tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna waya. Wengine wamekata pini ya juu ili plagi iingie kwenye ekstensheni.

Ubaya wake haukomei kwenye vidole. Unapochomeka HDMI kutoka kwenye TV au spika yenye ethi kwingine, zile volti 115 zinatafuta njia kupitia kwenye waya wa picha, na tundu la HDMI la kadi ya mamilioni linaweza kufa kwa cheche ambayo hata hukuiona. Hata kinga ya radi kwenye ekstensheni inategemea ethi kufanya sehemu kubwa ya kazi yake. Mwite fundi umeme, sio fundi kompyuta, apime ethi kwa kifaa na apige fimbo ardhini kama haipo. Wakati unasubiri, zima kila kitu ukutani kabla ya kuchomeka au kuchomoa HDMI.

Joto la pwani lina madhara?

Lina. Angalia wati zimehesabiwa kwenye joto gani: zile za bei rahisi huandika nyuzi 25 au hazisemi, nzuri huandika 40 au 50. Chumba kisicho na kiyoyozi Tanga au Mombasa mwezi Machi kina nyuzi 32, na ndani ya kasha ongeza kumi. Feni ya pawa saplai itazame chini kama kasha lina matundu na chujio chini, na lisikae juu ya zulia. Vumbi pamoja na hewa ya chumvi hutengeneza uchafu unaoshika unyevu; puliza chujio kila mwezi.

Iliyotumika kutoka Ulaya au Dubai?

Nanunua kama modeli inajulikana, umri wake hauzidi miaka mitano, na kebo zake zote zipo. Za kutoka Marekani pia hufanya kazi kwa 230V mradi stika inasema 100-240V. Badilisha waya wa ukutani tu. Zilizokuwa kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali ninazikwepa.

Gemu nzito ikianza, mashine inazima. Ni pawa saplai?

Tazama inavyozima. Ikikata yote mara moja, taa na feni, kama imechomolewa, kinga ya pawa saplai inashukiwa kwanza. Skrini ikiwa nyeusi huku feni za kadi zikikimbia kwa kasi zote, kagua konekta ya kadi kabla ya kitu kingine. Kumbukumbu ya Windows yenye Kernel-Power 41 haikuambii lolote zaidi ya kwamba mashine ilizima bila kuagwa.

Kisha fanya jaribio lisilo na gharama. Fungua programu kama MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80, ucheze jioni nzima. Kasi itapungua kidogo kuliko umeme ulioushusha, na wengine huiacha hapohapo moja kwa moja kwa sababu ya joto na uniti. Ikiacha kuzima, pawa saplai au kebo zake ndizo zinazoshindwa na mruko wa kadi. Ikiendelea kuzima hata kwa 70, rudisha kikomo, hamishia mashine kwenye soketi ya chumba kingine bila ekstensheni, na ujaribu tena kabla hujatoa hela.